Panda Farnana: alisoma Ulaya, akarudi Nzemba



Mu mikutano yetu ya miezi hii kuna swali linalorudi kila mara: je, chama kitoe franka kwa mtoto wa mwanachama anayetaka kwenda kusoma chuo kikuu inje ya nchi? Wengine wanasema hapana, mtoto akisha kuvuka ziwa harudi tena. Wengine wanasema hata akirudi, nani hapa atamupa kazi ya kulingana na makaratasi yake? Mimi natembea mu vijiji vyetu juu ya kazi, na haya maneno nayasikia mpaka barabarani. Njo maana mara hii, mu ukurasa wetu wa maisha ya watu waliotutangulia, nimechagua Paul Panda Farnana. Yeye alikuwa mtu wa Bas-Congo, mbali sana na sisi. Lakini maswali yote mawili alikutana nayo zaidi ya miaka 100 mbele yetu, na chama cha kusaidiana kama hiki chetu alikianzisha kule Bruxelles mwaka 1919.

Alizaliwa mwaka 1888 Nzemba, karibu na Banana, pale mto Kongo unapoingia mu bahari. Baba yake alikuwa chifu, jina lake Luizi Fernando. Musishangae jina la Kireno: Wareno walifika ku mlango wa ule mto tangu 1482, na watu wa pwani walikuwa wamezoea meli, biashara na majina ya wageni miaka mingi. Wakati Panda anazaliwa, nchi haikuwa hata koloni la Ubelgiji. Ilikuwa mali ya mfalme Leopold II peke yake, tangu 1885.

Mwaka 1900, akiwa mtoto wa miaka 12, alipelekwa Ubelgiji na afisa mmoja, Luteni Derscheid. Hapa tusidanganyane. Hii haikuwa bursi. Hakuna aliyejaza fomu, hakuna aliyeshinda mtihani. Siku zile watoto wa Kongo walikuwa wanachukuliwa hivi tu: mmoja awe boy wa afisa, mwingine afundishwe dini, mwingine aonyeshwe watu. Miaka 3 tu kabla ya hapo, mwaka 1897, Leopold alileta Wakongomani 267 ku maonyesho ya Tervuren, karibu na Bruxelles, wakae mu vijiji vya kutengenezwa ili Wabelgiji waje kuwaangalia. Saba kati yao walikufa kule, na makaburi yao yako pale hadi leo, pembeni ya kanisa. Katika nchi hiyo njo mtoto wa Nzemba alishuka na nguo zake.

Kilichomuokoa ni mtu mmoja. Yule afisa alimkabidhi dada yake, Louise Derscheid, na huyu mama akamlea. Alimfundisha muziki na kuchora, akamuandikisha ku Athénée ya Ixelles, masomo ya sekondari ya leta, pamoja na watoto wa Wabelgiji. Sisi tulioishi mu kambi tunajua vizuri mtoto wa kupokelewa anaweza kuwa nini mu nyumba ya watu: anachota maji, anaosha vyombo, na wenzake wakienda masomo yeye anabaki na mtoto mdogo mgongoni. Kwa Panda haikuwa hivyo. Sijui kama tunaweza kuita hiyo haki, maana wazazi wake walikuwa mbali na yeye alikuwa mtoto mdogo. Lakini ni lazima kusema kwamba bila ule mlango wa Ixelles, yanayofuata yote yasingekuwapo.

Mwaka 1904 alipita mtihani wa kuingia ku shule ya kilimo na bustani ya Vilvoorde, mji mdogo upande wa kaskazini wa Bruxelles. Alimaliza mwaka 1907 na alama nzuri, akachagua mimea ya nchi za joto. Fikiria kidogo: kijana wa Kongo yuko mu nchi ya baridi, anajifunza kahawa, kakao, mpira na michikichi mu nyumba za vioo zinazopashwa moto, ili mmea usife. Mchikichi aliouacha nyuma ya nyumba ya baba yake, sasa anausoma mu buku kwa Kifaransa, na jina lake la Kilatini juu.

Na miaka ile ile ya masomo yake, 1904 mpaka 1908, magazeti ya Ulaya yalikuwa yanajaa habari za Kongo. Ripoti ya konsuli wa Uingereza, Roger Casement, ilitoka 1904, ikaeleza vile watu wa msitu walikuwa wanateswa juu ya mpira: wanawake wanafungwa mpaka waume walete kilo zinazotakiwa, watu wanakatwa mikono. Mfalme alilazimika kutuma tume ya uchunguzi, na mwezi wa 11 mwaka 1908 Ubelgiji ikamnyang'anya nchi, ikaifanya koloni lake. Mwanafunzi wa inje anajua ile hali. Unakaa darasani, unaandika notes za mwalimu, na habari za kwenu unazipata mu gazeti la wenye nchi, zikielezwa na watu ambao hawajui hata jina la mto wenu. Wengi wetu tulisikia habari za Fizi na Uvira namna hiyo, ku radio, tukiwa Lugufu ao Nyarugusu.

Mwaka 1908 alivuka kwenda Ufaransa, ku shule ya juu ya kilimo cha makoloni ya Nogent-sur-Marne, karibu na Paris. Pale pia kuna jambo la kusimama nalo kidogo. Ile bustani ya Nogent, mwaka mmoja tu mbele, 1907, palifanyika maonyesho ya makoloni, na watu wa Afrika na Asia walikalishwa mu vijiji vya mfano mbele ya macho ya Waparisi. Mwaka uliofuata Panda anaingia pale pale na daftari mkononi. Mahali pamoja, ngozi moja. Mwaka jana uliangaliwa, mwaka huu unasoma. Akatoka na cheti chake.

Watu wengi Kinshasa wanamuita mwanafunzi wa kwanza wa chuo kikuu mu Kongo, na Didier Mumengi aliandika kitabu juu yake kwa jina hilo. Kusema ukweli, Vilvoorde na Nogent zilikuwa shule za juu za kilimo, hazikuwa chuo kikuu. Mkongomani wa kwanza asiye padri kupata diploma ya chuo kikuu ni Thomas Kanza, Louvain, 1956. Lakini tusipigane juu ya cheo. Mwaka 1907 hakukuwa na Mkongomani mwingine mwenye diploma ya masomo ya juu ya Ubelgiji. Alikuwa peke yake.

Sasa tufike ku swali la pili la mikutano yetu: je, akirudi?

Alirudi. Mwaka 1909 serikali ya koloni ilimuandika kazi, chef de culture wa daraja la tatu, na akashuka Boma, ambayo wakati ule njo ilikuwa mji mkuu. Toka pale akatumwa Eala, bustani ya majaribio ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1900 pembeni ya Coquilhatville, leo Mbandaka. Alikuwa na miaka 21. Muangalie ramani: mtoto wa pwani, aliyekulia Bruxelles, anawekwa mu msitu wa Équateur, mu jimbo lile lile ambalo mpira ulimwaga damu ya watu, na kazi yake ni mimea, pamoja na mpira.

Koloni ilikuwa na masanduku mawili tu. Sanduku moja la maagenti wa Kizungu, na lingine la watu weusi: askari, wapagazi, makarani wadogo, wafanyakazi wa mashamba. Panda alikuwa na karatasi ya sanduku la kwanza na ngozi ya sanduku la pili. Diploma yake ilikuwa ya kweli, ilitoka mu shule ya Wabelgiji wenyewe, hakuna aliyeweza kusema ni ya kununua. Lakini nchi haikuwa imetayarisha kiti cha mtu kama yeye. Hapo najua wasomaji wengine wataniona nasukuma maneno, lakini mimi naona watoto wetu palepale. Kijana aliyesoma Kigoma ao Bujumbura anarudi na cheti chake, anakuta ofisi moja inamutuma ku ofisi nyingine juu ya ekivalansi, na ile nyingine inamurudisha kwa ya kwanza. Miaka 2 inapita, anaanza kuuza kredi ya simu. Cheti hakina kosa. Kiti njo hakipo.

Alitumika kwa serikali miaka kadhaa. Mwaka 1914 alikuwa Ubelgiji kwa konje wakati Wajerumani walivamia ile nchi. Angeweza kukaa kimya. Alijiandikisha mu kikosi cha Wakongomani wa kujitolea, chini ya kanali Chaltin, mzee wa vita vya Kongo. Wakatumwa Namur. Mji ule ulianguka mwezi wa 8, na Panda akakamatwa. Alikaa Ujerumani kama mfungwa wa vita mpaka vita ikaisha, miaka 4. Pamoja naye mu kikosi alikuwako Albert Kudjabo, mtu wa Kilo, kule Ituri. Huyu naye alifungwa, na wataalamu Wajerumani walimuimbisha na kumuzungumzisha mbele ya mashine ili wahifadhi sauti yake. Sauti ile bado iko Berlin.

Wakati wao wanakaa nyuma ya waya kule, huku kwetu babu zetu walikuwa wanabeba mizigo na masasi ya Force Publique toka Kivu na Tanganyika kwenda kuchukua Tabora, iliyoanguka mwezi wa 9 mwaka 1916. Wale walikufa wengi njiani, wa njaa na magonjwa, na majina yao hayakuandikwa mahali. Nayataja kwa sababu baada ya vita deni lilikuwa moja.

Vita ilipoisha, Wakongomani waliokuwa Ubelgiji walikuwa wachache: mabaharia wa meli za Antwerp na Matadi, maboy waliofuata mabwana zao, askari wa zamani, wafanyakazi wa viwanda. Wengi hawakuwa na kazi. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imeharibika na haikuwataka tena. Gazeti moja la askari wa zamani liliandika kwamba hawa weusi warudishwe kwao wakakae chini ya migomba yao. Watu ambao mwaka 1914 walisimama Namur! Panda alijibu kwa kalamu, ku gazeti lile lile. Mtu aliyesoma Athénée ya Ixelles hakuhitaji mtu mwingine wa kumuandikia barua, na hapa njo naona faida ya kwanza ya masomo yake kwa wenzake. Mpaka pale diploma ilikuwa yake mwenyewe. Tangu siku ile ikawa kama ya wote.

Tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1919 walianzisha Bruxelles chama walichokiita Union Congolaise. Jina lake refu lilisema wazi kazi yake: kusaidiana, na kuendelesha tabia na akili za Wakongomani. Mwenyekiti alikuwa Panda. Ndugu zangu wa kamati, someni vizuri kile walichokuwa wanafanya, maana mutafikiri ni ripoti yetu: mwenzao akikosa kazi, wanamutafutia, akigonjwa, wanamutembelea na kumulipia, akifa, wanamuzika vizuri, asitupwe mu kaburi la maskini wasio na ndugu. Na jioni, masomo kwa wasiojua kusoma na kuandika. Baada ya Bruxelles, walifungua matawi Liège, Charleroi na Marchienne-au-Pont, kule ku viwanda na machimbo ya makaa.

Mimi nasimama hapa zaidi kuliko ku kongamano zake kubwa ambazo wanahistoria wanazipenda. Mtu mwenye diploma 2 za Ulaya, anayeongea Kifaransa kama wenyeji, angeweza kujitenga. Wako wengi wanaofanya hivyo, tunawajua: wakisha kupata karatasi, hawaonekani tena ku matanga ya watu wa kambi. Panda alikaa na mabaharia na maboy, akapanga namna ya kulipia jeneza. Na chama kile hakikukaa tu ku jeneza. Toka ku jeneza walipanda kwenda ku mambo ya nchi, na waliweza kupanda kwa sababu walikuwa wengi na wanajuana.

Mwezi wa 12 mwaka 1920, ku kongamano la kwanza la taifa juu ya koloni, Panda alisimama mbele ya mawaziri wa zamani, maafisa, mamisionari na watu wa makampuni. Aliomba, kwa heshima lakini bila kuzunguka, kwamba Wakongomani wapewe sauti mu mambo ya nchi yao na wapewe masomo ya kweli. Hakuomba uhuru, tuseme ukweli, alikuwa mtu wa kuomba marekebisho, na aliheshimu serikali. Hata hivyo ilionekana kuwa mengi. Koloni ilikuwa inataka mafundi, makarani na makatekista. Masomo ya juu ilikuwa inayaogopa, na mlango mmoja tu ulikuwa umefunguka kidogo, ule wa seminari: Stefano Kaoze, mtu wa upande wetu huu wa ziwa, alipata upadri mwaka 1917, wa kwanza mu Kongo nzima wakati wa Wabelgiji. Daktari, mwanasheria, injinia, hapana.

Mwaka uliofuata, mwisho wa mwezi wa 8 na mwanzo wa mwezi wa 9, kongamano la watu weusi wa dunia, lile la pili la Pan-Afrika, lilifanyika London, Bruxelles na Paris. Kikao cha Bruxelles kilikuwa ku Palais Mondial, na Panda njo alikuwa sauti ya Wakongomani. Pale alikuwako Blaise Diagne, deputé wa Senegal ku bunge la Ufaransa, na W.E.B. Du Bois wa Marekani. Huyu Du Bois naye alikuwa amesoma inje: alikuwa ku chuo kikuu cha Berlin kati ya 1892 na 1894, kwa pesa za mfuko mmoja wa Wamarekani. Mfuko ulikataa kumuongezea muda, akarudi bila udaktari wa Berlin, akaupata Harvard mwaka 1895. Wafadhili wetu watusamehe tukiwakumbusha jambo hilo: bursi inayokatwa katikati inauma hata mtu mwenye kichwa kama cha Du Bois, na si wote wana Harvard ya kurudia.

Kongamano lile lilimletea Panda shida. Mwezi uleule wa 9 mwaka 1921, Simon Kimbangu alikamatwa kule Bas-Congo, nchi ya kwao Panda, na kisha akahukumiwa kifo; mfalme Albert akabadilisha kuwa kifungo cha maisha, na Kimbangu akafia gerezani Élisabethville mwaka 1951. Magazeti ya wakoloni yaliunganisha yote pamoja: Kimbangu, Marcus Garvey, Moscow, na wale weusi wanaokutana Bruxelles. Panda hakuwa mtu wa Moscow, na mafundisho ya Kimbangu hayakutoka Bruxelles. Lakini tangu pale Mkongomani aliyesoma Ulaya akawa mtu wa kuchungwa. Na serikali ilitoa somo lake: ikiwa mmoja aliyesoma anatusumbua hivi, tusipeleke wengine. Miaka zaidi ya 30 ilipita, mlango ukiwa umefungwa karibu kabisa.

Wengine wanamlaumu Panda juu ya hiyo, eti kama angenyamaza, wengine wangepata nafasi. Mimi sikubali. Mlango ambao unafunguliwa tu kwa mtu anayekubali kunyamaza, ukiupitia umepata nini?

Mwezi wa 5 mwaka 1929 alirudi Kongo, na safari hii si kwa konje wala kwa kazi ya serikali. Alipita Matadi, akafika Nzemba. Miaka 29 ilikuwa imepita tangu atolewe pale akiwa mtoto. Alijenga shule. Alijenga kanisa dogo la Mtakatifu Antoni. Akaweka kiwanda cha kukamua mafuta ya mawese, na hapo nadhani yule mwanafunzi wa Vilvoorde aliutazama mchikichi wa nyuma ya nyumba kwa macho mengine. Hakuwa na mke wala mtoto. Mwezi wa 5 mwaka 1930, mwaka mmoja tu baada ya kurudi, alikufa, akiwa na miaka 42.

Alikuwa amekaa kwao, kama mtu mzima, mwaka mmoja. Ni kidogo, na najua mu mkutano kuna mzee atasema: munaona, masomo yote yale, kwa mwaka mmoja wa kijiji. Hesabu hiyo haihesabu mabaharia waliozikwa vizuri Antwerp na Bruxelles, wala wafanyakazi wa Charleroi waliojifunza kuandika jina lao jioni. Kusaidia wenu hakungojei siku ya kurudi. Vijana wetu walioko Dar es Salaam, Kampala na Bujumbura wanaweza kuanza pale walipo, na wengine wameanza.

Kuhusu masomo aliyoyaomba mwaka 1920: chuo kikuu cha Lovanium kilifungua karibu na Léopoldville mwaka 1954, kile cha Élisabethville mwaka 1956. Kanza aliingia Louvain mwaka 1952, miaka 45 baada ya diploma ya Vilvoorde. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipopata uhuru, Wakongomani wote waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30. Nchi nzima, kutoka Banana mpaka Baraka. Tangu wakati ule tunalipa ile hesabu, na nafikiri bado hatujamaliza.

Basi, maoni yangu ku kamati, na kila mtu aje na yake. Chama kisaidie, lakini pesa za kwanza zisiende ku tiketi ya basi. Ziende ku makaratasi: diploma ya leta itolewe na kuthibitishwa mbele ya safari, ekivalansi iulizwe mapema, na mtoto ajue kabla ya kuondoka ni ofisi gani itatambua cheti atakacholeta. Na tusichukue mtoto ambaye tunaweza kumulipia mwaka mmoja tu. Afadhali tumulipie mmoja mpaka mwisho kuliko watatu mpaka katikati. Wenye watoto waliopita Exetat mwaka huu walete kopi za makaratasi yao kwa sekretere wa tawi mbele ya mkutano mkubwa, na kitabu cha kotizasio kiwe kimesainiwa.